Mama Vumilia, Idara ya Nne-a

"Mama Vumilia, eti ni kweli mmepewa vyeo vya jeshi la Wajerumani ili mpike wali?"

Aliyeuliza ni Asteria, jirani yake Evelina, akiwa amesimama upande wake wa ua wa minyaa na ungo mkononi. Evelina, ndiye Mama Vumilia mwenyewe, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Alitoa kijiwe, akatoa kingine, mpaka Asteria akadhani hajasikia, akarudia swali. Ndipo Evelina akajibu kwamba ndiyo, ni kweli, kwamba yeye ni Nne-a, na kama Asteria anataka kucheka basi acheke mara moja yaishe, maana kazi bado ipo.

Asteria alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Evelina hakumlaumu. Angekuwa yeye upande ule wa ua, angecheka vilevile. Lakini alikuwa upande huu, na wiki mbili zilikuwa zimebaki kabla Baba Askofu hajafika kigangoni kuwapa kipaimara watoto tisini na wanne, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya kupika pale, Evelina hakujua hao watoto watakula nini, wala wapi.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivyo. Kigango chenyewe si kikubwa: kanisa la matofali ya kuchoma, ofisi ya katekista, uwanja mpana wenye mavumbi, na jumuiya tano zilizotawanyika, nyingine karibu na barabara ya kwenda Tinde, nyingine mbali kabisa ng'ambo ya mbuga. Sherehe ikija, siku moja kabla yake kila jumuiya ilikuja na mikokoteni yake. Waliotoka kwenye mpunga walileta mchele, wengine maharage, wengine mahindi, karanga, matobolwa ya viazi vikavu, kuni, na sufuria zao zilizoungua matako. Vyote viliwekwa mahali pamoja juu ya maturubai, lundo moja, na hakuna aliyeuliza hiki cha nani. Evelina alilizunguka lundo lile mara moja. Alishika mchele, akaunusa. Aligonga kuni kusikia kama zimekauka. Kisha aliwauliza viongozi mambo mawili tu: watu ni wangapi, na wanakula saa ngapi. Wakishamjibu, aliwagawia wanawake mafiga, kila mmoja na lake, na hakumwandama mtu. Aliyepewa wali alipika wali.

Mwaka mmoja tu ndipo mambo yalipomharibikia. Ilikuwa miaka mitatu nyuma, kipaimara kama hiki, misa ikarefuka, na chakula kilikuwa tayari lakini viongozi waliwakataza watoto kula kabla hotuba hazijaisha. Mtoto mmoja, Mbuke, mjukuu wake huyohuyo Asteria, aliyekuwa ametembea na tumbo tupu tangu alfajiri, alianguka kwenye mstari na kupasuka kidevu. Evelina ndiye aliyembeba. Damu ya yule mtoto iliingia kwenye blauzi yake ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Jioni ile alipiga magoti mbele ya Sakramenti akamwahidi Mungu kwamba katika uwanja ule, yeye akiwa na mwiko mkononi, mtoto hataanguka tena kwa njaa. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Asteria. Ahadi kama hiyo mtu haendi kuitangaza, anaitimiza tu.

Halafu akaja Pantaleo.

Pantaleo, baba yake Athanas, si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Evelina zaidi. Mtu mbaya unamjua pa kumwepuka. Huyu alikuwa mzee mpole, mgane, shati limepigwa pasi, asiyekunywa, asiyekosa misa. Alikuwa ametumikia miaka kumi na mmoja stoo ya mgodi mmoja mdogo huko upande wa Geita, na pale alifanya kazi na fundi Mjerumani aliyekuja kufunga karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Fundi alimfundisha lugha yake kidogokidogo, na siku ya kuondoka akamwachia kitabu. Babu yake yule fundi alikuwa karani katika makao makuu ya jeshi wakati wa vita kuu ya pili, na kitabu kilieleza jinsi makao hayo yalivyopangwa: nani anakaa meza ipi, anashughulika na nini, anamjibu nani.

Pantaleo alikisoma kitabu kile kama wengine wanavyosoma zaburi. Hakuwasifu wale watu. Mwenyewe alisema wazi kwamba walipigana vita viovu na kuua watu wengi wasio na hatia, na Mungu aliwaangusha. Alichokipenda ni ule mpangilio. Kuna duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka kule mgodini, likaua vijana wawili, kwa sababu miti ya kushikilia kuta ilikuwa imeoza. Walipoulizana ni nani aliyepaswa kuikagua, kila mtu alidhani ni kazi ya mwenzake. Pantaleo alisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, macho kwenye vidole vyake, na anapolisimulia Evelina alikosa nguvu ya kumkasirikia kwa muda wa kama nusu saa. Baada ya hapo hasira ilirudi.

Walipomchagua kuwa mwenyekiti wa maandalizi, alibandika karatasi ya manila kwenye ukuta wa ofisi, imejaa visanduku na mishale. Akawaeleza wanakamati, taratibu, kama anafundisha katekisimu. Parokia, alisema, ni jeshi. Jumuiya ni divisheni. Kigango kiko katikati, kinaongoza divisheni tano, na Wajerumani kitu kama hicho walikiita kori. Kori ina jenerali, huyo ni katekista Donatus. Jenerali ana mnadhimu wake mkuu, ambaye karatasi zote hupitia kwake, na jenerali asipokuwepo anaweza kutia saini kwa niaba yake. Huyo alikuwa Pantaleo mwenyewe. Chini yake zinafuata idara. Moja-a inapanga mwendo na ratiba, akapewa mwalimu mstaafu Wilbard. Moja-c inachunguza habari za adui, na iko chini ya Moja-a, akapewa Sostenes mwenye baiskeli.

Sostenes aliuliza adui ni nani. Pantaleo alifikiri kidogo, akasema adui ni muda.

Idara ya pili ni ya majina ya watu, ya tatu ni mahakama, kwa ajili ya ugomvi. Ya nne ina matawi: Nne-a ni chakula na mavazi, huyo ni Evelina. Nne-b ni daktari, yaani nesi wa zahanati. Nne-c ni daktari wa mifugo, maana Wajerumani walipigana na farasi wengi, na hapo Mayala anayetibu ng'ombe alifurahi peke yake kati ya wote, kwa sababu alijua kazi yake ni fahali wawili wa kuchinjwa. Nne-d ni padre.

Evelina alidhani amesikia vibaya. Alisogea hadi ukutani akasoma kwa kidole. Ndivyo ilivyoandikwa. Padre alikuwa kisanduku cha chini kabisa, baada ya daktari wa ng'ombe.

Alimwambia Pantaleo, kwa upole, kwamba hilo halimpendezi Mungu. Pantaleo akajibu kuwa kitabu ndivyo kinavyoandika, na kwamba kukaa chini si kudharauliwa. Evelina akauliza kama hao Wajerumani, pamoja na idara zote hizo, walishinda.

"Walishindwa," Pantaleo alisema. "Lakini si kwa kosa la ofisi."

Wanawake waliokuwa nyuma walijifunika midomo kwa khanga.

Hayo yote Evelina angeyavumilia. Angevumilia hata kuandika barua kuomba kuni, barua ambayo ilikwenda kwa mnadhimu mkuu, ikarudi ina muhuri wa kigango na maneno "imepokelewa," bila kuni. Angevumilia kuitwa Nne-a mbele ya watu. Kilichomkata maini ni lundo.

Alikwenda ofisini wiki ile ya mwisho kuuliza maturubai yatandikwe wapi. Pantaleo akamwambia hakuna lundo. Kwa nini hakuna? Kwa sababu kori haina ghala. Akamfungulia kitabu, akamwonyesha mchoro: chakula kinatoka kwenye jeshi kinakwenda moja kwa moja kwenye divisheni, mshale unapita pembeni ya kori wala hauigusi. Kazi ya kori ni kuongoza, haibebi mizigo. Kwa hiyo mchele wa parokia umeshapelekwa kwenye jumuiya, fahali watachinjwa na kugawanywa, na kila jumuiya itapika kwake na kulisha watoto wake yenyewe. Hapa uwanjani kutakuwa na sufuria moja, ya watu kumi na watano wa makao makuu, na nusu gunia la unga wao.

Evelina aliuliza watoto wa ng'ambo ya mbuga watafikaje kwao wakiwa na njaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Pantaleo alisema misa inaanza saa tatu na inakwisha saa tano na nusu, iko kwenye ratiba ya Moja-a. Evelina akasema Baba Askofu hajawahi kufika saa tatu tangu barabara hii ichongwe. Pantaleo akasema hilo ni suala la Moja-c, wala si la Nne-a.

Alikwenda kwa Donatus. Donatus alikuna kichwa, akasema mzee amejitolea sana, tumtii tu, mayu, mama yetu, ni siku moja. Evelina alirudi nyumbani akasali rozari nzima, na kila alipofika "utusamehe" aliona sura ya Pantaleo ikabidi aanze tena.

Jumamosi yenyewe ya kipaimara watoto walianza kuingia saa moja asubuhi, weupe kwa nguo na wekundu kwa vumbi hadi magotini. Wengine walikuwa wameondoka kwao kabla ya jogoo wa pili. Saa tatu ikafika. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote za kuingilia, ikazirudia. Saa nne ikafika. Donatus alishachukua pikipiki kwenda kumpokea Baba Askofu njiani, na simu yake haikupatikana. Uwanjani, sufuria ya makao makuu ilikuwa haijabandikwa hata jikoni. Harufu ya nyama ilikuwa kilomita saba kutoka pale, kwenye divisheni.

Evelina alipita kwenye mistari ya watoto akiwatazama midomo. Mtoto mwenye njaa midomo yake hupauka kwanza. Alipofika mstari wa nne alimwona msichana mdogo, mwembamba, amemwegemea mwenzake na macho yamelegea. Akamshika kabla hajaanguka, akamketisha kivulini, akamwambia nesi amshikie. Kisha akajifunga khanga upya, kwa nguvu, akaenda ofisini.

Njiani alikutana na Sostenes. Alimuuliza tu, kwa kuchoka, kama ana habari yoyote ya Baba Askofu. Sostenes akasema anayo, tangu juzi. Alitumwa kigango cha jirani, akaona kule Baba Askofu alichelewa saa tatu nzima na mahubiri yake yalichukua saa moja na nusu, na kwamba leo anapitia kwanza kuzindua kisima. Aliandika yote hayo kwenye bahasha akamkabidhi Moja-a, kama alivyoelekezwa.

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Wewe ni Nne, mama," Sostenes alisema, na alisema kwa masikitiko ya kweli.

Evelina alitaka kusema neno ambalo angelazimika kuliungama. Alilimeza, akaongeza mwendo.

Pantaleo alikuwa amesimama mbele ya karatasi yake ya manila, jasho limelowesha kola. Kwa mujibu wa ratiba, saa ile watu walikuwa wanaimba Mtakatifu. Evelina alimwamkia, akasahau kungoja aitikie.

"Baba Athanas, kitabu chako kinasemaje kama mkuu hayupo na watoto wanaanguka?"

Pantaleo alisema mnadhimu mkuu anaweza kutia saini. Evelina akasema basi asaini. Pantaleo akauliza asaini nini, maana hakuna amri iliyoandaliwa. Akashika kitabu, akakifunua, akakifunga. Evelina akaona kwamba mzee yule alikuwa ameliona tena lile duara likiporomoka, na safari hii miti ilikuwa ya kwake.

"Kuna sura moja," Pantaleo alisema polepole. "Inasema mkubwa ampe aliye chini yake lengo na muda. Njia aitafute mwenyewe. Na mambo yakibadilika, aliye karibu nayo asisubiri kuambiwa."

Evelina alimtazama. Wiki mbili nzima. Barua ya kuni. Muhuri.

"Sura hiyo mbona haiko ukutani?"

"Haina mchoro," Pantaleo alisema.

Evelina alikuwa ameshageukia mlango. Alimwambia aite bodaboda wote waliopo barabarani, na wenye mikokoteni, waende kwenye jumuiya zote tano wakalete sufuria zilivyo, na mifuniko yake, na wapishi wake, na wasimwambie mtu yeyote aandike. Pantaleo alitoka mbio. Hajawahi kuonekana akikimbia mzee yule.

Ule unga wa makao makuu aliukorogea uji. Asteria, aliyekuja kucheka tu, alirudi nyumbani akaleta sukari yake na vikombe, na wanawake wanne wakabandika. Uji ulipoanza kuchemka, Evelina akakumbuka: watoto wanakwenda kukomunika. Akamfuata padre wa parokia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya sakristia akisoma sala zake, hakuna idara iliyomuuliza lolote tangu asubuhi. Padre aliangalia saa yake, akasema kufunga ni saa moja tu kabla ya komunyo, na kwa hali hii misa haitaanza kabla ya saa sita. Wape watoto uji, mama. Ndivyo alivyosema Nne-d, wa chini kabisa, na jambo lilikwisha.

Watoto tisini na wanne walikunywa uji wamesimama. Yule msichana wa kivulini alikunywa vikombe viwili, akarudi mstarini akijifuta masharubu meupe.

Baba Askofu aliingia saa sita. Mahubiri yalichukua saa moja na nusu, kama Sostenes alivyoandika. Wakati huo sufuria zilikuwa zinawasili moja baada ya nyingine, nyingine zimefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, mpishi amekaa katikati amekumbatia wali kama mgonjwa. Mchuzi mwingine ulimwagika njiani. Mkokoteni wa ng'ambo ya mbuga ulifika wa mwisho, Mayala akiwa ameshika kwa kamba ng'ombe wa kuukokota, na nyama yote salama. Evelina alitandika turubai akaweka vyote pamoja, akalizunguka mara moja. Saa tisa watoto walikula. Hakuanguka hata mmoja. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu imemvimba, akamshukuru Mungu, na katikati ya shukrani akagundua kwamba bado amekasirika.

Jumapili iliyofuata kamati ilikaa kufanya tathmini. Pantaleo alisoma taarifa ya kurasa nne. Aliomba radhi kwa kosa la ghala, kwa moyo mmoja, bila kujitetea, na watu wakamheshimu kwa hilo. Lakini ukurasa wa tatu ulieleza namna divisheni tano zilivyosogezwa kwa pamoja ndani ya saa mbili, na hapo sauti yake ilianza kupanda. Mwishoni alifunua manila mpya. Padre alikuwa amepandishwa juu. Katikati kulikuwa na kisanduku kikubwa chenye jina la Evelina, mkuu wa ugavi wa kori nzima, na mishale saba ikiingia na tisa ikitoka. Kwa ajili ya Noeli, alisema. Aliutazama mchoro wake kama mtu anayetoa zawadi, na kwa kweli ilikuwa zawadi.

Asteria, aliyekaa dirishani kwa nje, aliuma khanga.

Donatus akamuuliza mama mkuu wa ugavi kama ana neno. Evelina alisimama. Alihesabu mishale kwa macho, akaichoka kabla haijaisha. Akamtazama Pantaleo, shati lake lililopigwa pasi, vidole vyake. Akamsifu Yesu Kristo, wakaitikia.

"Wabeja, asante, Baba Athanas," alisema. "Namba siihitaji, na hicho kisanduku mpe mwingine. Lundo lirudi uwanjani. Na mimi naomba mniambie watu ni wangapi na wanakula saa ngapi. Mengine niachieni."